Umeona kitu angani Tanga? Kikague kabla ya kukitolea hukumu

Taarifa za vitu vya ajabu angani zinazotoka pwani yetu, kuanzia Sahare hadi Kigombe, hurudia mambo yaleyale. Taa imening'inia juu ya bahari, haina sauti. Nukta zimejipanga mstari, zinapita. Picha ya simu ina kisahani pembeni ambacho aliyepiga hakukiona kwa macho. Na mara chache mtu hushusha sauti akasema kuna kitu kilimjia chumbani usiku.

Anayezipokea taarifa hizi, awe mwalimu wa fizikia, mwandishi wa habari au mjumbe wa mtaa, huwa na haraka ya kutoa hukumu: ama ni wageni kutoka sayari nyingine, ama mwenzetu ameota. Hukumu zote mbili humdhulumu aliyeona. Kinachopimwa ni taarifa, si akili ya mtu, na taarifa inapimwa kwa hatua. Mwongozo huu unachukua dalili moja baada ya nyingine, unaanza na sababu zinazotokea mara nyingi, na unaonyesha mahali pa kuacha na kumwita mwenye kazi yake.

Madaraja yenyewe

Mwaka 1948 Jeshi la Anga la Marekani lilimwita mwanafalaki J. Allen Hynek asaidie kuchuja taarifa za vitu virukavyo visivyotambulika, ambavyo dunia imezoea kuviita UFO. Aliendelea na kazi hiyo hadi mradi wa jeshi ulioitwa Blue Book ulipofungwa mwaka 1969. Mwaka 1972 akatoa mpangilio unaotumika mpaka leo. Vilivyoonekana kwa mbali aliviweka katika makundi matatu: taa za usiku, sahani za mchana, na vile vilivyoonekana kwa macho na kwa rada kwa pamoja. Vilivyoonekana kwa karibu, yaani ndani ya mita 150 hivi, akavipa madaraja matatu. Daraja la kwanza, kitu kimeonekana karibu lakini hakikuacha athari. La pili, kimeacha athari: alama ardhini, injini kuzimika, mifugo kutaharuki. La tatu, kuna viumbe walioonekana. Daraja la nne, la watu wanaosema walichukuliwa, liliongezwa baadaye na wengine.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Daraja linaeleza kitu kilionekana vipi na kwa umbali gani. Halielezi kitu hicho ni nini, na daraja la tatu halina uhakika zaidi ya la kwanza. Kwa hiyo ni vizuri kuongeza kipimo cha pili, cha Ufaransa. Shirika la anga la nchi hiyo, CNES, lina ofisi ya kazi hii tangu mwaka 1977, ambayo sasa inaitwa GEIPAN. Wao hutoa herufi baada ya uchunguzi: A kimetambulika, B yaelekea kimetambulika, C maelezo hayatoshi, D hakijatambulika ingawa maelezo yanatosha. Andika daraja la Hynek siku ya kupokea taarifa. Herufi iandike ukishamaliza ukaguzi, na si kabla.

Dalili: taa kali imesimama, haiondoki

Hii ndiyo inayoripotiwa kuliko zote, na inaingia kwenye taa za usiku. Swali la kwanza: ilikuwa upande gani? Mtu wa Tanga ana bahati hapa, kwa kuwa bahari iko mashariki na milima ya Usambara iko magharibi, hivyo hata asiye na dira anaweza kujibu.

Kama ilikuwa upande wa Muheza, ikajitokeza jua linapotua na kupotea kabla ya saa nne usiku, mshukiwa wa kwanza ni Zuhura. Ukiacha jua na mwezi, hakuna nyota wala sayari inayoishinda kwa kung'aa. Pia haiendi mbali na jua, haizidi nyuzi 47, ndiyo maana hutaikuta utosini usiku wa manane. Miezi mingine huhamia alfajiri, ikachomoza upande wa Pemba juu ya maji, na wanaoiona wakati huo ni wavuvi na wanaotoka msikitini. Mtu aliyekuwa kwenye bodaboda barabara ya Pangani atakuapia kwamba ilimfuata. Anasema kweli alivyoona: minazi inapita, nyumba zinapita, lakini kitu kilicho mbali mno hakibadili mahali pake, na jicho hutafsiri kwamba kinakwenda nawe. Ikiwa taa ilikuwepo usiku kucha, au ilionekana juu sana usiku wa manane, fikiria sayari ya Mshtarii (Jupita).

Kama ilikuwa upande wa bahari, uliza kwanza habari za mwezi. Nyakati za giza vyombo vya dagaa hutoka na karabai au taa za sola, na taa hizo ni kali. Usiku usio na mwezi upeo wa bahari hauonekani. Maji na mbingu huwa giza moja, na taa iliyo juu ya maji huonekana imeelea hewani. Ukisimama ufukweni, macho yakiwa mita 2 juu ya maji, upeo wako uko kama kilomita 5. Aliye kwenye paa la mita 10 anaona hadi kilomita 11 hivi. Ndiyo maana mtu wa ghorofani Raskazone na mtu aliye chini ufukweni wanaweza kubishana mpaka wanuniane, mmoja akisema kulikuwa na taa tano na mwingine hakuona hata moja, na wote wakawa wakweli. Ukaguzi wake ni rahisi: asubuhi nenda soko la samaki la Deep Sea, uwaulize waliorudi walitega upande gani. Kisha subiri mbalamwezi. Taa zikitoweka usiku wa mwezi mpevu na kurudi giza likirudi, jibu unalo, kwa kuwa dagaa hawavutwi na taa kukiwa na mbalamwezi.

Sababu ya tatu ni ndege inayokuja ikikuelekea moja kwa moja. Taa zake za kutua huweza kusimama palepale dakika kadhaa, kisha ghafla ndege inakata kona na "kitu" kinabadilika umbo. Tafuta nyekundu na kijani: bawa la kushoto hubeba taa nyekundu, la kulia kijani. Baada ya hapo zinakuja meli zilizotia nanga zikisubiri zamu ya bandari, na taa nyekundu za minara ya simu. Mwisho ni nyota za kawaida zikiwa chini karibu na upeo. Sirius ikiwa chini huchezacheza nyekundu, kijani na buluu kwa sababu mwanga wake unapita kwenye hewa nene yenye misukosuko, na aliyeiona kwa darubini ya mkono iliyotikisika atakueleza habari za taa za disko.

Yapo malalamiko ya "ilikuwa inatetereka kushoto na kulia". Kabla ya kuyakubali, kumbuka kwamba jicho likikazia nukta moja gizani kwa muda, nukta huonekana kutembea hata ikiwa imesimama. Dawa yake ni alama ya kudumu. Simama mahali pamoja, egemea ukuta, ipange taa hiyo na ncha ya nguzo ya umeme au ukingo wa paa, na usubiri dakika 15. Nyota au sayari itakuwa imesogea karibu nyuzi 4, sawa na upana wa vidole viwili ukinyoosha mkono. Mnara hautasogea hata kidogo. Kitu kitakachofanya jambo la tatu ndicho cha kuandikwa.

Simama hapa: taa nyekundu inayopanda kutoka baharini, ikawaka na kushuka polepole, si jambo la kuainisha. Inaweza kuwa fataki ya kuomba msaada. Piga polisi 112, wajulishe viongozi wa wavuvi wa eneo lako, utaje saa na upande ulikoiona. Mambo ya daraja yatangoja.

Dalili: nukta zinatembea kimya

Zikiwa nyingi, zimefuatana kama shanga kwenye uzi, na muda ni saa moja au mbili baada ya jua kutua au kabla halijachomoza, hizo ni setilaiti za intaneti za Starlink zilizorushwa siku chache nyuma. Kundi la kwanza la 60 lilirushwa Mei 2019, na tangu hapo taarifa za "msafara wa angani" zimejaa duniani kote. Zikishapanda kwenye njia yake ya kudumu hutawanyika na kufifia.

Nukta moja kali isiyopepesa, inayotoka upande wa magharibi na kuvuka mbingu kwa dakika chache, mara nyingi ni Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilicho kama kilomita 400 juu yetu na kinachoizunguka dunia kwa dakika 90 na ushee. Jambo linalowashtua watu ni kwamba huweza kuzimika katikati ya anga, pasipo wingu. Kimeingia kwenye kivuli cha dunia, basi. Ikiwa nukta inapepesa kwa mpigo, ni ndege, na sauti yake huenda imepelekwa kwingine na upepo wa kusi.

Ukaguzi wa hapa unategemea kitu kimoja tu: saa kamili. "Baada ya isha" haitoshi. Kwa dakika halisi, programu za simu zinazoonyesha njia za setilaiti zitakupa jibu hata ukiulizia wiki iliyopita. Bila dakika, taarifa hiyo ni C, na itabaki C.

Dalili: moto umepita angani na kumeguka

Hesabu sekunde. Kimondo huisha ndani ya sekunde chache. Mabaki ya roketi au setilaiti yanayorudi duniani huenda polepole, huweza kuchukua zaidi ya nusu dakika, na vipande vyake hufuatana sambamba kama msafara wenye mpangilio. Mashahidi wengi, kila mahali duniani, huunganisha vipande hivyo akilini wakaona chombo kimoja kirefu chenye madirisha. Si uongo, ndivyo akili inavyofanya ikikuta taa kadhaa gizani.

Simama hapa: kikianguka, usikiguse. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni, kwa jirani zetu wa Kenya, nao wakaita mamlaka zao. Vipande vya roketi huweza kuwa na mabaki ya mafuta yenye sumu kali. Weka watoto mbali, piga picha ukiwa umbali salama, ita polisi. Usikubali mtu akikate apeleke kwa wauza vyuma chakavu.

Dalili: sahani ya mchana, au sahani iliyomo kwenye picha

Uliza: uliiona kwa macho, au uliikuta kwenye picha baadaye? Kama ni baadaye, anza na ndege wa kawaida au mdudu aliyepita karibu na kamera, kisha mwako wa jua ndani ya lenzi, kisha taa ya chumbani iliyojirudisha kwenye kioo cha dirisha. Mwako wa lenzi una tabia moja: ukichora mstari kutoka kwenye jua kupitia katikati ya picha, doa liko kwenye mstari huo, upande wa pili. Taa ya mbali ikivutwa kwa kukuza sana na kamera ikakosa kulenga, hugeuka duara safi. Omba picha ya asili kutoka kwenye simu iliyopiga, si iliyopitia WhatsApp, maana huko ubora hupungua na kumbukumbu za saa na kamera huondoka.

Iliyoonekana kwa macho mchana huwa puto, tiara, au meli iliyoinuliwa na mazigazi. Asubuhi tulivu, hewa ya joto ikilala juu ya hewa baridi iliyo karibu na maji, meli ya mbali huonekana imeelea, wakati mwingine kichwa chini. Usitazame jua wala karibu nalo kwa darubini, hata kwa nukta moja ya wakati, jicho halirudi.

Neno "sahani" lenyewe lipokee kwa uangalifu. Tarehe 24 Juni 1947 rubani Kenneth Arnold aliripoti vitu tisa karibu na Mlima Rainier, Marekani, na alisema vilirukaruka kama sahani inayorushwa juu ya maji. Alieleza mwendo wake, magazeti yakaandika umbo, na tangu hapo watu wanaona sahani. Mshahidi akisema "sahani", mpe karatasi achore.

Dalili: "kilikuwa karibu kabisa"

Daraja la kwanza linadai mita 150, na usiku hakuna binadamu anayeweza kupima umbali wa taa asiyoijua ukubwa. Taa ndogo iliyo karibu na taa kubwa iliyo mbali huingia jichoni sawasawa. Kwa hiyo usiulize "umbali gani?" Uliza: kilipita mbele ya kitu gani? Kama kilipita mbele ya mnazi au mbele ya nyumba ya jirani, una umbali. Kama hakikufunika chochote, kirudishe kwenye taa za usiku, hata mshahidi akiudhika. Mweleze kwa heshima kwamba hujashusha neno lake. Umeandika kile kinachoweza kupimika.

Kilicho karibu kweli, kinavuma, kina taa za rangi na kinasimama hewani, ni droni mpaka ithibitike vinginevyo. Kurusha droni nchini kunahitaji kibali, na mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA, ndiyo ya kuulizwa. Usiirushie mawe wala usijaribu kuiangusha.

Kundi la rada na macho nalipita haraka: raia hana rada, na hata wenye nazo hudanganywa na tabaka za hewa ya joto juu ya bahari zinazopinda mawimbi.

Dalili: alama ardhini, injini imezimika

Duara jeusi shambani: uliza kwanza kama hapo palikuwa na tanuri la mkaa. Kisha moto wa kusafisha shamba, kisha radi, kisha uyoga unaokua kwa duara. Injini iliyozimika ipeleke kwa fundi, uandike alichokuta kwenye betri na nyaya kabla hajabadilisha kitu.

Kama hayo yote yamekwisha na alama bado haina maelezo, basi fanya walivyofanya Wafaransa. Januari 1981, huko Trans-en-Provence, mkulima alisema chombo kilitua kwenye ardhi yake. Polisi walichukua udongo wa pale penye alama na udongo wa mbali kidogo, vyote viwili, vikaenda maabara. Udongo wa kulinganisha ndio unaoifanya kazi iwe ya maana. Bila huo hujui kama "ajabu" uliyoipata iko shamba zima. Piga picha ukiweka rula pembeni, zungushia kamba, zuia watu wasikanyage.

Dalili: viumbe, au mtu anasema alijiwa usiku

Hapa nenda taratibu kuliko popote. Swali la kwanza ni kama mtu alikuwa amelala au ndiyo anaamka. Akisema alishindwa kusogea, kifua kikawa kizito, akaona umbo limesimama pembeni ya kitanda, pwani tunalijua jambo hili tangu zamani: amekabwa na jinamizi. Wakati wa usingizi wa ndoto ubongo huzuia misuli ili mwili usiigize ndoto. Mara nyingine mtu huamka kabla kizuizi hakijaondoka, na ndoto ikaendelea macho yakiwa wazi. Huwapata watu wazima wa akili timamu, hasa waliokosa usingizi au waliolala chali. Marekani umbo lile huitwa mgeni wa sayari nyingine. Pemba na Unguja mwaka 1995 liliitwa popobawa.

Simama hapa: kwa mambo matatu. Jinamizi likirudi mara kwa mara, au mtu anasinzia hovyo mchana, aende hospitali, Bombo ipo. Pili, asiwepo wa "kumrudishia kumbukumbu" kwa kumlaza usingizi wa kiini macho (hypnosis). Betty na Barney Hill wa New Hampshire walisema walichukuliwa Septemba 1961. Habari nyingi za ndani ya chombo zilitolewa kwenye vikao vya namna hiyo mwaka 1964, na daktari aliyeviongoza, Benjamin Simon, mwenyewe aliona zimetokana na ndoto za Betty. Tatu, umma ukianza kutafuta wa kulaumiwa, acha uchunguzi, uwaite polisi na viongozi wa mtaa saa hiyohiyo. Katika hofu ile ya 1995 watu walikesha nje kwa makundi, na mtu aliyedhaniwa ndiye popobawa aliuawa.

Watoto wana utaratibu wao. Tarehe 16 Septemba 1994, Ruwa nchini Zimbabwe, wanafunzi 62 wa shule ya Ariel walisema waliona chombo na viumbe nje ya uwanja wa michezo. Siku mbili kabla, mabaki ya roketi yalikuwa yamewaka angani kusini mwa Afrika, na habari za wageni zilikuwa midomoni mwa watu. Baadhi ya watoto walihojiwa kwa vikundi, wakisikilizana. Mpaka leo hakuna anayeweza kutenganisha alichoona mtoto mmoja na alichosikia kwa mwenzake, na hilo linaniuma, kwa sababu watoto wale walistahili kusikilizwa vizuri. Kila mtoto achore peke yake, siku hiyohiyo, mzazi au mwalimu akiwepo lakini asimwongoze. Usiulize "macho yao yalikuwa makubwa?" Sema "nieleze," kisha nyamaza.

Ukaguzi umekwisha, bado hakuna jibu

Yatatokea. Blue Book ilikusanya taarifa 12,618, na 701 zikabaki bila kutambulika. Hynek alikuwa na njia ya kuzipanga hizo zilizobaki kwa alama mbili: ugeni wa jambo lenyewe, na uzito wa ushahidi. Mshahidi mmoja mwenye habari ya ajabu sana hupata alama ya juu ya ugeni na ya chini ya ushahidi. Mashahidi watano waliokuwa sehemu tofauti, kila mmoja akaandika peke yake saa na upande, hupandisha alama ya pili, na hao ndio wa kutafutwa.

Faili lako liwe na haya: tarehe, saa na dakika, mahali uliposimama, upande na urefu angani (ngumi ya mkono ulionyooshwa ni nyuzi 10), muda, hali ya mwezi na mawingu, mchoro, daraja la Hynek, na mwisho herufi. Ikiwa ni D, andika D, na mbele yake orodhesha kila ulichokagua, ili atakayelifungua baada yako aanzie ulipoishia.